Usiniambie Si Kitu

Viatu vilivyosimama kando ya kichwa chake havikuwa vya mtu wa kiwandani. Vilikuwa vyeusi, vimepigwa rangi hadi vinang'aa, na katika kiwanda kile cha kushona sare za shule watu wote walivaa ndala.

Fundi alikuwa amelala chali chini ya cherehani cha safu ya tatu, tochi mdomoni, akikaza mkanda uliolegea. Dakika chache zilizopita alihisi sakafu imeacha kutetemeka mgongoni mwake, akajua vyerehani vyote arobaini vimesimama. Umeme umekatika, aliwaza, tena akafurahi, kwa sababu umeme ukikatika washonaji hutoka nje kupunga upepo na hakuna anayekuja kumsemesha.

Mwenye viatu akachuchumaa. Alikuwa kijana mrefu mwenye koti la njano la kung'aa juu ya shati jeupe, ubao wa kuandikia kwapani, jasho linamtiririka kama aliyekimbizwa. Midomo yake ilikuwa inaenda mbio. Fundi akatoa tochi mdomoni.

"Nini?"

Kijana akarudia. Fundi akaokota neno moja tu, moto, akajivuta kutoka chini kwa pupa hadi akajigonga paji la uso.

"Moto uko wapi?"

"Hakuna moto! Ni jaribio. Lakini ungekuwepo, dada yangu, sasa hivi ningekuwa nazungumza na majivu." Safari hii alisema polepole akimtazama usoni, na Fundi akayapata maneno yote. "Mimi ni mkaguzi wa vifaa vya moto. Watu arobaini na wawili wako nje. Kwenye orodha mko arobaini na watatu. Hukusikia king'ora?"

"Nilikuwa na kazi."

Kijana akanyoosha kidole ukutani, hatua tano kutoka pale walipokuwa. Kulikuwa na kisanduku chekundu ambacho Fundi alikipita kila siku akienda kuchukua mafuta ya mashine.

"Bado kinalia," alisema.

Fundi akakitazama. Akageuza kichwa, akakielekezea sikio la kulia, lile zuri. Akapata kitu chembamba cha mbali, kama mbu aliyefungiwa chumba cha pili.

Miaka mitatu alikuwa amelificha jambo hilo. Alilificha kwa kilemba chake cha zambarau, kwa kukaa daima mwisho wa benchi ili watu wote wawe kulia kwake, kwa kucheka wenzake wanapocheka. Sikio la kushoto lilikuwa limekufa kimyakimya, la kulia linalifuata taratibu, naye akawaambia watu ana mawazo mengi. Leo mtu asiyemjua hata kwa sura ameingia bila hodi, akamfumania mchana kweupe.

"Usiandike," alisema.

"Lazima niandike."

"Meneja akijua sisikii, atasema fundi asiyesikia mashine ni fundi gani? Kaka yangu, nakuomba. Kazi hii ndiyo mimi."

Kijana akaandika vilevile, bila haraka, kisha akamgeuzia ubao asome. Kiwanda kina king'ora cha sauti pekee. Kila chumba kiwekewe taa ya kumwekamweka ndani ya wiki mbili.

"Hilo ni kosa la jengo," alisema. "Mimi nakagua majengo, sikagui watu. Ila wewe mwenyewe nenda kapime masikio."

"Nani amekuuliza?"

"Hakuna." Akacheka, meno yote nje. "Mimi huwa nalia bila kuulizwa. Kama hicho kisanduku."

Alirudi baada ya wiki mbili kukagua taa. Wiki iliyofuata akarudi kuhakikisha kwamba taa aliyoikagua bado ni taa. Mara ya nne hakuleta hata ubao.

"Mwenzangu," mkata vitambaa alimwambia Fundi, mkasi mkubwa mkononi. Huyu ndiye aliyekuwa rafiki yake wa karibu pale kiwandani, mama wa watoto wawili mwenye sauti inayofika ghorofa ya tatu, na pengine urafiki wao ulianzia hapohapo kwenye sauti. "Huyo King'ora wako haji kukagua taa. Anakuja kukagua kama umeshawaka."

Jina likaganda. Hata kwenye simu ya Fundi aliandikwa hivyo, King'ora, na mwenyewe akaliitikia kama alilopewa na wazazi.

Siku ya kwanza walipokwenda kunywa chai, kwenye mkahawa ulio mkabala na stendi ya mabasi, Fundi alivaa gauni la kijani alilojishonea mwenyewe, kola imesimama, kiuno kimebanwa sawasawa. Gauni halikumpa shida. Shida ilikuwa kiti. Mtu mwenye masikio mawili hajui wasiwasi wa kiti. Ukikaa katikati umepoteza nusu ya meza. Ukiupa mlango mgongo, mhudumu atakuja akuulize kitu umnyamazie, aone unamdharau. King'ora akaangalia meza, akaangalia ukuta, akavuta kiti cha pembeni kabisa.

"Kaa hapa. Ukuta uwe kushoto kwako, mimi nikae kulia. Ukuta hauna maneno mengi."

"Nani amekuambia ni kushoto?"

"Umenigeuzia shavu la kulia mwezi mzima. Mwanzoni nilidhani unaringia upande wako mzuri."

"Na sasa?"

"Sasa najua unaringia pande zote mbili."

Fundi akacheka, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alikuwa anacheka kwa sababu amesikia kilichochekesha. Hapo ndipo alipompenda. Ndiyo maana alipoombwa tena, kwa upole, aende akapime, hakuuliza nani amemuuliza.

Kwenye kliniki alifungiwa ndani ya kijumba chenye kuta za sponji, akapewa kitufe cha kubonyeza kila anaposikia mlio. Alikaa akisubiri milio. Akasubiri sana. Baadaye mtaalamu wa masikio, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, akamwonyesha chati yenye mistari miwili. Wa kulia ulianza vizuri kisha ukateremka kama ngazi. Wa kushoto ulikuwa umelala chini kabisa.

"Kulia umepoteza sauti nyembamba. Kushoto umepoteza karibu zote," alieleza. "Nitakupa vifaa viwili, lakini havitakuwa mapacha. Cha kulia kitakurudishia maneno. Cha kushoto kitakurudishia kelele tu. Hata hivyo kivae, ubongo ukumbuke kwamba dunia ina pande mbili. Na usidhani ni kama miwani, unavaa leo unaona leo. Utavichukia kwanza."

"Kwa muda gani?"

"Wengine wiki, wengine miezi. Wengine huvitia kwenye droo, hatuwaoni tena."

Fundi alianza kuvichukia akiwa bado kwenye ngazi za kliniki. Viatu vyake vilipiga makofi. Funguo kwenye mkoba zilipigana. Sauti yake mwenyewe ilimjia kama ya mtu anayesema ndani ya pipa.

"Unanisikia?" King'ora aliuliza, macho yamejaa matumaini.

"Nakusikia wewe, na mfuko wa nailoni wa yule mama, na breki za lile basi, na mate yangu nikiyameza. Wote mna sauti moja. Nyamaza kidogo."

"Laazizi, vipe muda tu, mtaalamu amesema..."

"Nimesema nyamaza kidogo, jamani!"

Nyumbani aligundua kwamba jokofu, aliloishi nalo miaka sita kwa amani, lilikuwa linaguna kama mgonjwa. Karatasi ilikuwa na kelele. Kutafuna kulikuwa na kelele. Mtaalamu alimwambia avae saa mbili leo, nne kesho, sita keshokutwa, naye akawa anazihesabu dakika kama mfungwa. King'ora alipomkumbatia, kifaa cha kulia kikapiga mluzi mkali.

"Nini hicho?"

"Ukikiziba kinapiga mluzi."

"Kinanionea wivu," alisema King'ora, wakacheka hadi wakakaa chini. Lakini baada ya mluzi wa ishirini hakuna aliyecheka tena, na King'ora akaanza kumkumbatia kwa tahadhari, shingo upande, kama mtu anayebeba sahani ya yai.

Kiwandani ndiko kulikoshindikana kabisa. Miaka yote hiyo Fundi alikuwa amejifunza kuijua mashine kwa kiganja. Aliweka mkono juu ya shingo ya cherehani kikiwa kinashona, akafumba macho, akajua ni jino gani limelika na ni skrubu gani imelegea. Sasa vyerehani arobaini vilimwingia kichwani kama mabati yanayoburutwa, hata kiganja kikachanganyikiwa. Alivivua, akavitia mfuko wa ovaroli. Meneja akamkuta.

"Nimekuita mara tatu. Si umevaa mashine?"

Si umevaa mashine. Alilisikia neno hilo dukani, alilisikia kwa jirani, alilisikia kwa mdogo wake mwenyewe aliyeishi naye nyumba moja. Zamani watu walimvumilia wakidhani ana mawazo. Sasa walimkasirikia kwa sababu walikuwa na hakika kwamba amepona.

Na simu! Simu ilikuwa adhabu peke yake.

"Haloo mpenzi, umefika?"

"Sema tena."

"UMEFIKA?"

"Usipige kelele, King'ora. Kelele ninazo za kutosha. Sema taratibu."

"U-me-fi-ka?"

"Sasa unanisemesha kama mtoto wa chekechea."

"Basi nifanye nini, Fundi wangu?"

"Andika!"

King'ora akakata simu, akaandika: Nilitaka kujua umefika. Na kwamba nakupenda. Yalikuwa hayo mawili tu. Fundi aliyasoma, moyo ukalainika, kisha ukakunjamana tena, kwa kuwa maneno mawili matamu yalikuwa yamechukua dakika nne na kumwachia maumivu ya kichwa.

Ndipo wakakubaliana jambo lililoonekana kuwa la busara. Simu zote muhimu zingepigwa kwa namba ya King'ora, naye angempa habari. Mwanzoni ilikuwa nafuu kubwa. Kisha, kidogo kidogo, watu wakaacha kumtazama Fundi. Kwenye duka la viatu muuzaji alimuuliza King'ora, "Yeye anavaa saizi gani?" na King'ora akajibu, "Thelathini na tisa," huku mwenye miguu amesimama pale katikati yao. Kwenye mikusanyiko watu walicheka, Fundi akamvuta shati.

"Wamesema nini?"

"Si kitu. Nitakuambia baadaye."

Hiyo baadaye haikuwahi kufika hata siku moja.

Barua ndiyo iliyofika. Ilitoka chuo cha ushonaji cha upande wa pili wa mji, ambako Fundi alikuwa ameomba kazi ya kufundisha ukarabati wa vyerehani. Aliitaka kazi hiyo kuliko alivyomwambia mtu yeyote. Alitaka kuwaona wasichana wakifungua mashine wenyewe badala ya kukaa mikono mapajani wakisubiri fundi aje. Aliisoma barua akiwa amesimama kwenye benchi lake la kazi, mikono imejaa mafuta. Tunasikitika kwamba hukuwa tayari kufanya usaili, kama tulivyoelezwa kwa simu. Nafasi amepewa mwombaji mwingine.

Aliisoma mara mbili. Kisha akaenda na ovaroli yake hivyohivyo hadi kazini kwa King'ora.

Alimkuta kwenye chumba cha kujazia mitungi ya kuzimia moto, rafu nzima nyekundu nyuma yake, unga mweupe hadi kwenye nyusi. Alipomwona alitabasamu. Alipoiona barua, tabasamu likamdondoka.

"Chuo kilipiga lini?"

"Alhamisi ile," alijibu. "Ile uliyorudi umevivua vifaa, unalia, ukasema hutaki kumsikia binadamu yeyote hadi mwaka uishe."

"Nikakuuliza nani alikuwa anapiga."

"Ndiyo."

"Ukajibu nini?"

King'ora akafuta mikono kwenye suruali.

"Sema ukinitazama. Nataka kukisikia vizuri."

"Nilijibu si kitu."

"Si kitu," Fundi akarudia.

"Nilifikiria darasa la watu thelathini, mashine thelathini, wote wanakuuliza kwa mpigo. Niliona utaumia. Nikawaambia bado hujawa tayari, wajaribu tena mwakani. Laazizi, nilikuwa nakulinda."

"Wewe uliona. Wewe ukajibu. Wewe ukakataa. Mimi nilikuwa wapi?" Sauti yake ilimgonga kichwani kama bati, hakujali. "Masikio yangu ndiyo mabovu, King'ora. Kichwa changu ni kizima. Meneja ananifokea kila siku, lakini angalau ananifokea mimi. Wewe ndiye mtu wa kwanza kunifuta."

"Fundi, nisikilize..."

"Nimekusikiliza mwaka mzima. Kumbe unanipa nusu."

Akatoka. Mtaani alimsikia anamwita kwa nyuma, mara ya kwanza, mara ya pili. Akainua mkono, akavua kifaa cha kulia, kisha cha kushoto, na mtaa mzima ukazimika.

Wiki tano zikapita. King'ora aliandika ujumbe asubuhi na jioni, Fundi akawa anausoma bila kuujibu. Kifaa cha kushoto alikitupa kwenye droo ya vijiko. Siku moja, mchana, akaenda nyuma ya stoo ya vitambaa, palipokuwa na ukimya wa kutosha, akakipigia simu chuo mwenyewe. Aliweka simu juu ya kifaa cha kulia, akaisogeza mbele, akaisogeza nyuma, hadi sauti ikakaa.

"Samahani, mama. Mimi sisikii vizuri. Naomba useme taratibu."

Mama wa upande wa pili akasema taratibu. Akarudia mara mbili bila kununa. Nafasi ilikuwa imeshajaa kweli, na haikujulikana lini ingepatikana nyingine. Fundi alishukuru, akakata, akakaa juu ya bunda la kitambaa cha kaki akiwa na kwikwi ya kilio. Ilikuwa habari mbaya, lakini alikuwa ameipokea mwenyewe.

"Unamkosa yule mtu," mkata vitambaa alimwambia alipomkuta pale.

"Namkosa."

"Bado umemkasirikia?"

"Sana."

"Haya, dada, beba vyote viwili. Ila kile kingine kitoe kwenye vijiko, mdogo wako asije akapakulia nacho mchuzi."

Jumamosi Fundi akaenda kliniki kurekebishiwa sauti ya kifaa cha kushoto. Alipopita kwenye chumba cha mwisho cha korido akaona mlango wazi na watu wamekaa kwa duara. Walikuwa wazee watupu, mabibi wenye waume wasiosikia, mababu wenye wake wasiosikia, wote wamekuja kufundishwa namna ya kuzungumza na watu wao. Katikati yao, goti limegusana na la bibi mmoja mnene, alikaa kijana mrefu mwenye shati jeupe, pamba zimejazwa masikioni kwa zoezi la kutosikia. Wazee walikuwa wanasimuliana kitu na kuangua vicheko. Kijana akawa anageuza kichwa huku na huku kama kuku.

"Wamesema nini?" alimuuliza bibi.

Bibi akampigapiga goti, na Fundi akaisoma midomo yake pale mlangoni bila shida yoyote. "Si kitu, mjukuu wangu."

Alimsubiri kwenye benchi la nje. King'ora alipotoka akamwona, akasimama kama aliyemwagiwa maji, kisha akakumbuka kutoa pamba.

"Unakuja hapa tangu lini?"

"Hii ni Jumamosi ya nne." Hakukaa hadi alipoonyeshwa nafasi, upande wa kulia. "Yule bibi leo ameniambia si kitu. Fundi, nilitaka kumrushia kiti. Bibi wa watu, amenipa na peremende! Nimekaa pale nikahesabu mara ngapi nilikufanyia hivyo. Nikashindwa kuhesabu."

"Nilipiga simu chuo. Wameshampa mtu."

"Najua. Niliwapigia kuwaambia kwamba nilisema uongo. Walisema umechelewa, kijana." Akainamisha kichwa, akakumbuka, akakiinua ili midomo ionekane. "Sina namna ya kuirudisha nafasi hiyo. Samahani."

Hasira ya Fundi ilikuwa bado ipo, imekaa kifuani kama jiwe la kusagia. Lakini alikuwa amechoka kukaa nayo peke yake.

"Sitaki unilinde," alisema hatimaye. "Nataka kitu kimoja. Kikisemwa kitu mbele yangu, nikakuuliza, uniambie. Kilekile, kama kilivyosemwa. Kiwe kibaya, kiwe cha kipuuzi. Usinichagulie."

"Naahidi."

"Usiahidi mbiombio. Hata kikikuumiza wewe?"

King'ora akafikiri. Alifikiri kweli, hadi koridoni wakapita watu wawili na kiti cha magurudumu.

"Hata kikiniumiza mimi," alisema. "Na kama bado unanitaka, nataka nikuoe. Mama yangu ametualika chakula cha mchana kesho. Hajui kama tuligombana. Hajui pia habari ya masikio."

"Hukumwambia?"

"Nilikuwa bado kwenye tabia yangu ya zamani."

Jumapili Fundi alivaa gauni la rangi ya maziwa lenye mikono mirefu, akafunga nywele juu kabisa. Kilemba akakiacha kitandani. Vifaa vyote viwili vilikaa wazi nyuma ya masikio, rangi ya fedha, na nyumbani kwa kina King'ora kila aliyempokea mlangoni alivitazama kwanza kabla ya kumtazama yeye.

Mama yake King'ora alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke mwembamba aliyenyooka, aliyezoea kusema mara moja na kusikiwa na shule nzima. Alikuwa mjane tangu mwanawe akiwa na miaka sita. Mezani walikuwepo pia dada mkubwa wa King'ora na mjomba wao, mzee mnyamavu. Sebule ilikuwa safi, makochi yamefunikwa vitambaa vya kufuma, televisheni inazungumza peke yake ukutani, feni inazunguka, vijiko vinagonga sahani. Fundi alivipokea vyote kwa pamoja, akakaza macho kwenye midomo.

"Karibu, mwanangu. Jisikie nyumbani."

"Asante, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Na gauni hili, umeshona mwenyewe?"

"Nimeshona mwenyewe, Mama."

Robo saa ya kwanza ilikwenda vizuri. Kisha mama akainama kumpakulia mjomba, uso umeelekea sahani, akasema kitu. Mjomba akakohoa. Dada mkubwa akacheka ndani ya glasi, akajikatiza. Halafu ukaingia ule ukimya ambao Fundi aliufahamu kuliko sauti yoyote.

Akamgeukia King'ora. "Mama amesema nini?"

"Si kitu, mwanangu," mama akadakia kwa sauti kubwa. "Kula, chakula kinapoa."

King'ora akaweka kijiko chini. Rangi ilikuwa imemtoka usoni. Kwa dakika hiyo moja Fundi akatamani angekuwa hajauliza.

"Mama amemwambia mjomba," alianza, akimtazama Fundi, taratibu, kila neno limesimama peke yake, "katika wasichana wote wa mji huu, mwanangu amekwenda kuniokotea mbovu. Mtoto wao akilia, nani atamsikia?"

"Wewe!" mama aliita.

Mjomba akawa anaitazama sahani yake kana kwamba imeandikwa kitu. Mama akainuka, akabeba sahani iliyokuwa bado safi, akaenda nayo jikoni. Mlango ulikuwa wazi. Akafungulia bomba, akawapa mgongo, akaanza kusema. Fundi aliipata sauti, ndefu, yenye makali, lakini maneno yalikuwa yanasombwa na maji.

"Anasema nini?"

"Anasema nimemvua nguo mbele ya mgeni." King'ora hakugeuza uso. "Anasema amenilea peke yake kwa chaki na vumbi, na leo ndiyo malipo. Anasema..."

"Basi, inatosha!" dada mkubwa alimkatiza. "Si umeshamaliza?"

"Sijamaliza. Bado anasema." Sauti ilimpasuka. "Anasema baba angekuwepo, nisingethubutu."

Bomba likafungwa. Mama akarudi hadi mlangoni mwa jikoni, mikono inachuruzika, akasimama mbele ya Fundi kama anayesimama mbele ya darasa. Safari hii hakuinama.

"Haya. Nimeuliza, mtoto akilia nani atamsikia?"

Fundi alihisi mashavu yanawaka. Gauni la rangi ya maziwa lilimbana ghafla. "Nimekusikia, Mama. Limeniuma," alisema. "Jibu zima sina. Mara nyingine nitamsikia, mara nyingine atamsikia baba yake. Hata mimi huwa nalala na swali hilo. Lakini nashukuru sasa umeniuliza mimi mwenyewe."

Mama alimtazama, akavitazama vile vifaa vya fedha, cha kulia kisha cha kushoto. Kitu kikapita usoni mwake, kikapotea kabla hakijapata jina. Akaanza kwenda chumbani. Alipompita mwanawe akasimama nyuma ya kiti chake, akamwinamia, akamwambia maneno machache sikioni, chinichini, ya wao wawili tu. Halafu mlango wa chumba ukafungwa, na huo Fundi aliusikia kwa masikio yote mawili.

Macho ya King'ora yalikuwa yamejaa maji. Hakuna mwingine mezani aliyesikia neno hata moja. Angeweza kusema lolote. Dada yake alimtikisia kichwa, akimsihi.

Fundi akamshika mkono. "Amesema nini?"

"Amesema," alianza. Akageuza kiti chake chote hadi uso wake ukawa kwenye mwanga na midomo yake ikaonekana vizuri, akaanza upya. "Amesema tukioana, tusimhesabu tena kuwa mama."